Kubadilisha diski iliyokufa kwenye DVR ya kamera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye DVR (boksi linalorekodi picha) ya kamera za usalama iliyoanza kupiga bip mfululizo, au iliyonyamaza kimya huku haihifadhi chochote. Maswali yanafuata njia ambayo kazi yenyewe hupitia: kuhakikisha kwamba diski ndiyo mbovu, kuokoa picha, kununua diski nyingine, kuifunga, kisha kuthibitisha kwamba inarekodi. Mwenye DVR ya televisheni atakuta jibu lake karibu na mwisho.

Picha za kamera bado zinaonekana kwenye skrini. Diski inawezaje kuwa mbovu?

Inawezekana kabisa, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Picha ya moja kwa moja hutoka kwenye kamera, hupita kwenye bodi ya DVR na kwenda kwenye skrini au kwenye simu yako bila kugusa diski. Kazi ya diski ni kuhifadhi tu. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama geti lake kila siku, akaamini anarekodi, na akaja kugundua siku ya wizi kwamba rekodi ya mwisho ni ya miezi iliyopita.

Usibahatishe. Fungua sehemu ya kutazama rekodi, chagua usiku wa jana, saa nane hivi, kisha cheza kamera moja baada ya nyingine. Kama mstari wa saa ni mtupu, au una mapengo, au picha inaganda na kuruka mbele, hapo una sababu ya kuendelea kusoma.

DVR inapiga bip bila kukoma. Ni lazima iwe diski?

Si lazima. DVR nyingi zimewekwa zilie kwa mambo kadhaa: diski haionekani, diski ina hitilafu, diski imejaa, mtandao umekatika, au kamera imepoteza picha. Ingia kwenye menyu, tafuta sehemu ya tahadhari, usome ni ipi iliyotokea. Ukikuta ni diski kujaa, huenda diski ni nzima na kilichozimwa ni ruhusa ya kuandika juu ya rekodi za zamani. Ukikuta ni mtandao, diski haihusiki kabisa.

Usiwe mwepesi wa kuzima mlio ili nyumba itulie. Mlio huo ndio umekuambia kuna tatizo. Uzime baada ya kujua chanzo, si kabla.

Diski inagonga: tik, tik, tik, kisha kimya, kisha inaanza tena. Imekufa?

Huenda. Lakini kabla hujainunulia mrithi, kagua adapta. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa zao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Diski ya inchi 3.5 inahitaji umeme wa aina mbili, volti 5 na volti 12. Wakati wa kuanza kuzunguka, mota yake huvuta mkondo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na kwa diski nyingi mkondo huo hukaribia ampea 2 kwenye laini ya volti 12. DVR ndogo hupata umeme wote kutoka kwenye adapta ya nje. Adapta ikichoka baada ya miaka ya kuwaka mchana na usiku, bado ina nguvu ya kutosha kuendesha bodi na kuonyesha picha, ila haina nguvu ya kuizungusha diski. Diski hujaribu, umeme unashuka, inajizima, inajaribu tena. Sauti yake masikioni ni ile ile ya diski iliyokufa. Nyakati nyingine DVR nzima hujizima na kujiwasha kila baada ya dakika chache, na mwenyewe anaishia kulaumu programu.

Mwenye mita ya umeme apime kwenye plagi ya adapta huku DVR ikiwa imewashwa na diski ikijaribu kuanza. Kupima adapta ikiwa haijabeba mzigo hakusaidii, kwa sababu hata adapta iliyochoka huonyesha 12 kamili ikiwa haina kazi. Diski nyingi huvumilia upungufu wa asilimia 10 kwenye laini hiyo, yaani mpaka 10.8. Ukiona namba inazama karibu na hapo kila diski inapogonga, badilisha adapta kwanza. Asiye na mita aazime adapta nyingine ya volti 12 yenye ampea sawa au zaidi, plagi inayofanana, na mpangilio ule ule wa chanya na hasi. Ampea zikizidi hakuna madhara, lakini volti zikizidi unaweza kuunguza bodi.

DVR kubwa zenye nafasi nyingi za diski huwa na pawa saplai ndani ya boksi. Hiyo hubeba umeme wa ukutani. Mwachie fundi wa umeme.

Kuna njia ya kuipima diski yenyewe?

Ipo, nayo ndiyo inayomaliza ubishi. Toa diski, iunganishe na kompyuta kwa kifaa cha kubadilisha SATA (aina ya plagi za diski) kuwa USB chenye adapta yake ya umeme, kisha fungua programu inayosoma taarifa za afya ya diski, zile zinazoitwa SMART. CrystalDiskInfo ni ya bure na inatosha kwa Windows. Kwenye Linux kuna smartctl. Windows ikikuuliza kama uifomati diski hiyo, kataa. DVR huandika kwa mfumo wake wa mafaili ambao Windows haiujui, kwa hiyo diski nzima yenye rekodi za mwezi mzima itaonekana kama tupu au mbovu.

Kwenye orodha ya SMART tazama namba chache tu. Namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kuhamishwa baada ya kuharibika. Namba 197 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, na 198 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Hizi tatu zikiwa sifuri, diski ina nafasi nzuri ya kuwa salama. Ile ya 197 ikiwa inapanda kila unapoangalia, diski inaelekea kufa hata kama leo inarekodi. Namba 199 ni tofauti: huhesabu makosa ya mawasiliano kwenye waya, na ikipanda peke yake mtuhumiwa wa kwanza ni kebo ya data. Badilisha kebo kabla ya diski.

Namba 9 ni saa ambazo diski imekuwa imewashwa. Mwaka mmoja wa kuwaka bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo ukikuta 40,000 unajua diski imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu. Hiyo ni kazi ya heshima.

Kuna tukio ndani ya diski ninalolihitaji kama ushahidi. Nifanye nini kwanza?

Kama DVR bado inaweza kuifungua diski, acha mengine yote ulinakili tukio hilo sasa hivi. Chomeka flashi, chagua kamera, tarehe na saa, kisha hamisha. Ukiwa na muda, nakili dakika kadhaa kabla na baada ya tukio pia. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa unaofika gigabaiti 4, kwa hiyo rekodi ndefu hugawanywa vipande. Usishtuke ukikuta mafaili mengi. Hamisha pamoja na programu ya kuchezea kama DVR inatoa chaguo hilo, maana kompyuta nyingine hazifungui mafaili hayo bila programu hiyo. Kabla ya kuendelea, cheza nakala hizo kwenye kompyuta uone kwa macho yako.

Wakati wa kunakili, diski ngonjwa inaweza kukwama sehemu moja. Ruka sehemu hiyo, chukua zilizo salama kwanza, kisha urudi.

Kama diski inagonga na DVR haiioni kabisa, na umeshathibitisha kuwa umeme ni mzuri, zima. Kila mara unapoiwasha, vichwa vya kusomea vinaweza kukwaruza sahani zinazozunguka ndani ya diski, na mahali palipokwaruzwa hapasomeki tena na mtu yeyote. Usiifungue diski yenyewe nyumbani: vichwa huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Usiiweke kwenye friza pia. Ushauri huo bado unazunguka, ila unyevu unaoganda juu ya sahani huongeza uharibifu. Peleka kwa wataalamu wa kuokoa data, na waambie wazi kwamba diski ilikuwa kwenye DVR, kwa sababu mfumo wa mafaili ni tofauti na wa kompyuta.

Fundi amesema ninunue DVR mpya. Ni lazima?

Mara nyingi si lazima. Kama kamera zinaonekana, menyu inafunguka na DVR haijizimi ikiwa haina diski, bodi iko salama. Chomoa diski, iache DVR iwake siku nzima bila diski. Ikitulia, kinachohitajika ni diski. Ikiendelea kujizima hata bila diski na kwa adapta nzima, hapo fundi ana hoja.

Ninunue diski ya aina gani?

Nunua diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za usalama. Western Digital wana WD Purple, Seagate wana SkyHawk, Toshiba wana S300. Hii si hila ya wauzaji. Diski ya kompyuta ya mezani kama Seagate BarraCuda imepangwa na mtengenezaji wake kwa saa 2,400 za kuwaka kwa mwaka na terabaiti 55 za kusoma na kuandika. DVR huiwasha kwa saa 8,760. WD Purple na SkyHawk zimepangwa kwa kuwaka mfululizo na kubeba takribani terabaiti 180 kwa mwaka, zikiwa na dhamana ya miaka 3.

Kuna tofauti nyingine ambayo huioni kwenye karatasi ya sifa. Diski ya kompyuta ikikutana na sekta ngumu kusomeka hujaribu tena na tena kwa sekunde nyingi, maana kwenye kompyuta kila herufi ya faili ina thamani. Kamera haisubiri. Picha zinaendelea kumiminika, na diski ikikwama sekunde hizo DVR inaanza kudondosha picha au inaitangaza diski kuwa mbovu. Diski ya kamera imefundishwa kupita haraka na kuendelea kuandika. Nukta moja iliyoharibika kwenye picha si kitu ukilinganisha na dakika nzima iliyopotea.

Jihadhari pia na diski zinazotumia teknolojia ya SMR, ambapo njia za data hupandana kama vigae vya paa. Kubadilisha njia moja hulazimu kuandika upya zile zilizopandana nayo, na DVR yenye kamera nyingi inaweza kuzidi kasi hiyo. Diski nyingi za bei ndogo za kompyuta ni za aina hii. Tafuta neno CMR, yaani njia zisizopandana, kwenye sifa za diski.

Si lazima kampuni iwe ile ile ya diski ya zamani.

Nichague ukubwa gani?

Piga hesabu, ni rahisi kuliko inavyoonekana. Kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 1 kwa sekunde hula gigabaiti 10.8 kwa siku. Tazama kwenye mipangilio ya DVR kila kamera imepewa megabiti ngapi, jumlisha, zidisha kwa 10.8.

Chukua kamera 4 zenye megabiti 2 kila moja. Jumla ni megabiti 8, sawa na gigabaiti 86.4 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 itajaa baada ya siku 11 na nusu hivi, kisha itaanza kuandika juu ya za zamani. Kamera 8 zenye megabiti 4 kila moja hula gigabaiti 345.6 kwa siku. Hata diski ya terabaiti 4 itakupa siku hizo hizo 11 na nusu. Kwa mwaka, mfumo huo wa pili huandika takribani terabaiti 126. Rudi kwenye swali lililopita uone namba hiyo inaangukia upande gani wa 55 na 180.

Kama DVR na kamera zako zina H.265, mbinu mpya ya kubana video kuliko H.264, iwashe. Huhitaji karibu nusu ya nafasi ya H.264 kwa picha ya ubora unaokaribiana. Kurekodi pale tu kamera inapoona mwendo huongeza siku pia, lakini kwa sehemu nyeti kama mlango mkuu mimi hupendelea kurekodi mfululizo. Kamera huwa haigundui kila mwendo, hasa usiku.

DVR itaonyesha diski ya terabaiti 1 kama gigabaiti 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na DVR inahesabu kwa 1,024.

DVR yangu itapokea ukubwa wowote?

Hapana. Kila modeli ina kikomo chake kwa kila nafasi ya diski, nacho huandikwa kwenye karatasi ya sifa. DVR nyingi za zamani huishia terabaiti 2, kwa sababu mpangilio wa zamani wa kugawa diski unahesabu sekta kwa namba za biti 32, na sekta hizo zikiwa za baiti 512 haziwezi kuvuka takribani terabaiti 2.2. Ukifunga diski ya terabaiti 6 humo, DVR inaweza kuonyesha sehemu ndogo tu, au isiione kabisa. Mara chache programu mpya ya mtengenezaji huongeza kikomo hicho. Usinunue diski kwa matumaini hayo.

DVR za zamani zaidi hutumia diski za IDE zenye kebo pana ya bapa na tundu la pini 40. Diski ya SATA haiingii humo. Na DVR ndogo sana huchukua diski ya inchi 2.5, ile ya kompyuta mpakato. Fungua mfuniko uone kabla ya kununua.

Je, SSD haitakuwa bora?

Kwa kurekodi kamera usiku na mchana, sioni faida yake. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, huchakaa kwa kuandikwa, na DVR haifanyi kingine ila kuandika. Ule mfumo mdogo wa kamera 4 peke yake unaandika terabaiti 31.5 kwa mwaka. Linganisha na kiwango cha TBW (jumla ya terabaiti inazoweza kuandikwa) kilichoandikwa kwenye sifa za SSD unayoitaka, ugawanye, utapata miaka yake. Kwenye gari, ambako mtikisiko ungeua diski ya kuzunguka, SSD ina nafasi yake.

Nimepata diski iliyotumika, inaonekana nzima. Nichukue?

Kwa kamera zinazolinda mali au watu, nakushauri uiache. Kama huna budi, soma SMART kwanza, ukikumbuka kwamba namba hizo zinaweza kurudishwa sifuri na mtu asiye mwaminifu. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika kuwa diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa ziliuzwa kama mpya huku SMART ikionyesha karibu sifuri. Kilichozifichua ni kumbukumbu nyingine iliyo ndani ya diski hizo, FARM, ambayo smartctl ya matoleo mapya huweza kuisoma. Kagua pia tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo na alama za skrubu kwenye matundu. Diski mpya haina mikwaruzo hapo.

Nikitoa diski nitapoteza nywila, majina ya kamera na mipangilio ya mtandao?

Kwenye DVR za kamera, hapana. Vyote hivyo hukaa kwenye memori ya bodi. Na kwa sababu hiyo hiyo, kubadilisha diski hakutakusaidia kama umesahau nywila.

Naifunga vipi?

Zima DVR kupitia menyu, chomoa umeme, kisha subiri nusu dakika ili sahani zisimame. Piga picha ya nyuma ya DVR kwa simu kabla ya kuchomoa nyaya za kamera, ama sivyo geti litakuja kuonekana mahali pa jikoni. Iweke juu ya meza yenye kitambaa safi.

Toa skrubu za pembeni na za nyuma, sukuma mfuniko nyuma kidogo, unyanyue. Ndani utaona diski, kebo nyembamba ya data yenye pini 7, na ile pana ya umeme yenye pini 15. Gusa chuma cha boksi kwanza ili umeme tuli wa mwilini uishe kabla hujagusa bodi. Chomoa kebo kwa kushika plagi, si waya. Baadhi zina kidude cha chuma cha kubonyeza. Ukivuta bila kukibonyeza utang'oa tundu lenyewe.

Sasa skrubu za diski. Kwenye DVR nyingi ziko chini ya boksi. Ukizilegeza zote ukiwa umeinua boksi juu, diski inaanguka ndani na kugonga bodi. Simamisha boksi kwa ubavu, shika diski kwa mkono mmoja, legeza skrubu kwa mkono mwingine. Diski mpya ikae upande ule ule wa zamani, plagi zikitazama zilikotazama. Tumia skrubu zile zile. Skrubu ndefu kuliko zilizotoka inaweza kupenya mpaka kuharibu diski. Anza kuzishika zote kidogo, kisha kaza kwa mzunguko, kwa nguvu ya vidole tu.

Diski za uwezo mkubwa, nyingi za terabaiti 6 na kuendelea, huenda matundu yake ya chini yasilingane na ya DVR ya zamani, kwa sababu moja limehamishwa kupisha sahani zaidi. Kama mawili tu yanashika, tafuta bracketi. Usiiache inacheza, wala usiibandike kwa gundi.

Plagi za SATA zina umbo la herufi L, haziingii kinyume. Sukuma mpaka mwisho. Kabla ya kurudisha mfuniko, puliza vumbi la feni na matundu ya hewa, kisha washa na usikilize. Unataka mvumo laini unaopanda kwa sekunde chache na kutulia.

Nimefunga, lakini DVR inasema hakuna diski.

Zima, chomoa umeme, sukuma tena kebo zote mbili pande zote, yaani kwenye diski na kwenye bodi. Bado? Badilisha kebo ya data. Weka mkono juu ya diski ikiwa imewashwa: kama haitetemeki hata kidogo, haipati umeme, rudi kwenye adapta. Inazunguka lakini haionekani? Hamishia tundu jingine la SATA kwenye bodi kama lipo, kisha hakiki kikomo cha ukubwa. Mwisho, ijaribu kwenye kompyuta. Diski mpya inaweza kutoka dukani ikiwa mbovu, na dhamana ipo kwa ajili hiyo.

Lazima niifomati? Naweza kuifomati kwenye kompyuta?

Lazima ifomatiwe, na ndani ya DVR yenyewe. Ya kompyuta haitakubaliwa hata kama itaonekana. Kwenye menyu tafuta sehemu ya diski au hifadhi. Kwenye Hikvision weka alama kwenye diski ubonyeze "Init", kwenye Dahua chagua "Format". Kwenye DVR yenye diski zaidi ya moja, soma namba ya nafasi mara mbili kabla ya kukubali, kwa sababu hapa ndipo diski nzima yenye rekodi hufutwa. Usizime umeme wakati kazi inaendelea. Hali ya diski ikibadilika kuwa ya kawaida, DVR iko tayari.

Kwa hiyo nimemaliza?

Bado. Diski inayoonekana na diski inayorekodi ni vitu viwili, na mafundi wengi huondoka hapa.

Angalia saa na tarehe. DVR iliyokaa bila umeme, hasa kama betri yake ndogo ya saa, kwa kawaida CR2032, imekwisha, hurudi miaka nyuma, na rekodi yenye tarehe ya uongo ina kazi ndogo mbele ya polisi au bima. Weka saa ijirekebishe kwa mtandao kama DVR imeunganishwa. Angalia ratiba ya kurekodi kwa kila kamera na kwa siku zote saba. Mara nyingi kamera ya kwanza pekee ndiyo iliyowekwa. Hakikisha ruhusa ya kuandika juu ya rekodi za zamani imewashwa, la sivyo DVR itasimama diski ikijaa. Washa mlio na taarifa za hitilafu ya diski, na kama DVR inaweza kutuma taarifa kwenye simu, iruhusu.

Kisha pita mbele ya kila kamera, subiri dakika kumi, nenda ukajitazame kwenye rekodi. Rudia kesho yake kwa rekodi ya usiku. Rudia tena baada ya diski kujaa kwa mara ya kwanza, siku uliyoipata kwenye hesabu ya ukubwa, uone kwamba rekodi mpya zinaendelea kuingia. Weka pia tarehe moja ya kila mwezi kwenye kalenda ya simu kwa ukaguzi huu. Unachukua dakika chache.

Kwa nini ya kwanza ilikufa mapema?

Mara nyingi ni joto. DVR hufichwa kwenye kabati lililofungwa, juu yake king'amuzi, juu ya king'amuzi kitambaa. Diski nyingi zimepangwa kuishia nyuzi joto 60 au 65, na hapo ni kikomo, si mahali pa kuishi. Namba 194 ya SMART itakuonyesha. Acha nafasi ya hewa pande zote na usiweke kitu juu.

Baada ya joto ni kukatika kwa umeme. Diski inayozimwa ghafla katikati ya kuandika huacha mafaili yaliyovunjika, na umeme unaporudi kwa kishindo adapta huumia. UPS ndogo, betri inayoshika umeme ukikatika, inatosha DVR na kamera chache, na hukupa faida nyingine: mwizi aliyezima swichi kuu bado anarekodiwa. Tatu ni mtikisiko, kwa mfano DVR iliyowekwa juu ya spika au kwenye ubao uleule wenye pampu.

DVR ina nafasi mbili za diski. Nizitumie zote?

Ukiweza, ndiyo. Ila soma mpangilio wake: mara nyingi diski ya pili huongeza siku tu, haiwi nakala ya ya kwanza. Baadhi ya modeli huruhusu kamera muhimu zirekodiwe kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Kama yako inaruhusu, iwashie kamera ya mlango.

Yangu ni DVR ya kurekodi vipindi vya televisheni. Maelekezo ni haya haya?

Kufungua na kufunga, ndiyo. Mengine, soma kwanza. Baadhi ya mashine hizo huhifadhi programu yake nzima kwenye diski, kwa hiyo zikiwekewa diski tupu haziwaki. TiVo za mwanzo, zilizotoka mwaka 1999, zilikuwa hivyo, na ilibidi diski mpya iandaliwe kwenye kompyuta. TiVo Roamio ya 2013 huiandaa yenyewe mpaka terabaiti 3. Ving'amuzi vya kulipia mara nyingi hufunga rekodi kwa siri inayotambua kifaa kile tu, hivyo vipindi vya zamani havihamishiki. Na kama king'amuzi ni mali ya kampuni, kukifungua kunaweza kuvunja mkataba. Wapigie kwanza.

Diski ya zamani niitupe?

Kama iko ndani ya dhamana, irudishe, ukijua kwamba rekodi zake zinaondoka nayo. Kama zinaonyesha watu wako wakiingia na kutoka, wakati gani nyumba huwa tupu, na namba za mlango zikibonyezwa, fikiria kama dhamana ina thamani hiyo. Diski ambayo bado inaandikika, iunganishe na kompyuta uifute kikamilifu, si kwa ile fomati ya haraka. Isiyoandikika, toboa kwa drili mpaka upite sahani zote, kwa matundu kadhaa, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho kwa kuwa sahani nyingine ni za kioo. Mabaki yapeleke panapokusanywa taka za vifaa vya umeme.